Makande Yaingia Maabara

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake yanamhusu kila mtu anayekaa mezani kula. Watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema. Wengine walitoka vijijini na walikuwa wamekulia chakula cha asili cha Uchagani: ndizi, maharage, makande, ulezi na mboga za majani. Wengine walikuwa watu wa mjini, waliokwisha kuzoea mkate mweupe, chipsi na vyakula vya kukaangwa na kusindikwa.

Kisha wakabadilishana sahani. Kwa wiki mbili, watu 23 wa vijijini walikula chakula cha mjini, na 22 wa mjini wakala chakula cha kijijini. Wengine 22 walikunywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa wiki moja, na 10 waliobaki hawakubadili chochote ili wawe kipimo cha kulinganishia. Damu ilipochukuliwa, tofauti ilionekana waziwazi. Waliohamia chakula cha mjini walikuwa na dalili za kinga iliyochachamaa bila adui wa kupigana naye, ile hali inayoandamana na kisukari na magonjwa ya moyo. Papo hapo, chembe zao za damu zilipokutanishwa na vijidudu maabara, zilijibu kwa unyonge kuliko mwanzo. Kwa waliohamia kwenye ndizi na maharage, na hata kwa wanywaji wa mbege, dalili za kuchachamaa zilipungua. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu. Wengi hudhani kwamba kubadili mlo ni kazi ya miaka ndipo mwili uitikie. Damu ya vijana wale haikungoja miaka.

Utafiti huo unakuja wakati ambapo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko kuna watu wanaoamua kuishi kwa mimea pekee: hawali nyama, samaki, maziwa wala mayai, na wanataka mimea hiyo ibaki karibu na ilivyotoka shambani. Mara nyingi safari hiyo huanza na majibu ya kliniki, presha imepanda au sukari imekaribia mstari mwekundu. Wanaowazunguka huona wameiga Wazungu. Kwa upande wa historia ya sayansi, mambo yalikwenda kinyume chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wa mwanzo juu ya manufaa ya chakula cha mimea kisichokobolewa ilikusanywa Afrika Mashariki, kutoka kwenye miili ya Waafrika, kisha ikapelekwa Ulaya.

Daktari Hugh Trowell aliwasili Kenya mwaka 1929, baadaye akahamia Uganda na kufundisha na kutibu katika Hospitali ya Mulago. Kadiri miaka ilivyopita alizidi kushangazwa na magonjwa ambayo hakuyaona. Wodi zilijaa malaria, kifua kikuu na minyoo, lakini maradhi ya mishipa ya moyo, yaliyokuwa yakiwaua Waingereza kwa maelfu, yalikuwa adimu mno. Mwaka 1956 alipompata Mwafrika mwenye ugonjwa huo, yeye na mwenzake waliona ni jambo la kuandikiwa makala katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Mgonjwa mmoja tu! Leo daktari yeyote wa Kampala anaweza kuona wagonjwa wa namna hiyo kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Katika Mulago hiyohiyo alifanya kazi Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Aliporudi Uingereza alilichukua swali la Trowell na kulifuatilia mahali ambapo madaktari wengi waliona haya kupafuatilia, yaani chooni. Yeye na wenzake waliwamezesha watu vidonge vidogo visivyosagika, vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa hadi vitoke, kisha wakapima uzito wa choo. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilisafiri tumboni kwa takriban siku moja na nusu, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470 hivi. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza safari ilizidi siku tatu, na uzito ulikuwa gramu 100 hivi. Burkitt akasema maradhi ya Waingereza, saratani ya utumbo ikiwemo, yalitokana na kukosa makapimlo, zile nyuzinyuzi za mimea ambazo vinu vya kisasa huzitupa pamoja na pumba.

Hoja yake ilikuwa pana mno kwa ushahidi aliokuwa nao. Waganda wa zama zile walitembea sana, hawakuwa wanene, na wengi walifariki kabla ya umri ambao saratani ya utumbo hushambulia. Haikuwezekana kuyapa makapimlo sifa yote. Hata hivyo msingi wa hoja ulisimama, na miaka zaidi ya 40 baadaye ukajaribiwa kwa namna ambayo Burkitt angeifurahia.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walitangaza jaribio la kubadilishana mlo kati ya Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani, ambao makapimlo yao ya siku yalikuwa gramu 14, walipandishwa hadi gramu 55. Waafrika Kusini walishushwa kutoka gramu 66 hadi 12, na mafuta yao yakaongezwa mara tatu. Baada ya wiki mbili, ukuta wa utumbo mpana wa Wamarekani ulionyesha dalili chache za hatari ya saratani, na wa Waafrika ulionyesha dalili zaidi.

Siri imo katika bakteria. Tumbo la binadamu haliwezi kusaga makapimlo, kwa hiyo hufika utumbo mpana yakiwa kama yalivyoingia. Huko bakteria huyachachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo. Butireti hutuliza kinga iliyochachamaa na huzizuia chembe zisizaliane ovyo. Katika jaribio la O'Keefe ilipanda kwa Wamarekani takriban mara mbili na nusu, na kwa Waafrika ikashuka kwa nusu. Anayekula sembe nyeupe tupu badala ya dona, miaka nenda rudi, anawanyima chakula bakteria hao ambao wangemlinda.

Hapa ndipo walaji wengi wapya wa mimea wanapopotea njia. Soda haina nyama. Biskuti nyingi, chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya alizeti na maandazi ya maji matupu vyote vimetokana na mimea. Mtu anaweza kuishi kwa vitu hivyo bila kumgusa mnyama, na afya yake ikaporomoka vilevile. Mwaka 2019 Kevin Hall, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliwalaza watu 20 katika jengo la utafiti kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa kupita kiasi na wiki mbili chakula kilichopikwa kutoka vitu vya asili. Sahani zote zililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na makapimlo, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka ashibe. Wakati wa chakula cha viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Wakati wa chakula cha asili walipungua kiasi hichohicho.

Je, kuacha kabisa vyakula vya wanyama kunaongeza faida? Chuo Kikuu cha Stanford kililijaribu swali hilo kwa jozi 22 za mapacha wa kufanana. Pacha mmoja alikula mimea pekee kwa wiki nane na mwenzake akala mlo bora wenye nyama, samaki na mayai. Matokeo yalitoka mwaka 2023: lehemu mbaya, uzito na insulini vya walaji wa mimea vilishuka zaidi. Ushahidi wa muda mrefu umetoka kwa Wasabato wa Marekani na Kanada, ndugu wa imani wa mamia ya maelfu ya waumini wa Kisii, Mara na Upare. Kati ya zaidi ya watu 73,000 waliofuatiliwa, wale wasiokula nyama au waliokula kwa nadra walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 12 katika kipindi cha utafiti. Lakini Uingereza, utafiti mkubwa wa Oxford haukuona tofauti ya vifo kwa jumla kati ya wasiokula nyama na wenzao waliokuwa na tabia nyingine nzuri za afya. Tena mwaka 2020 ulitoa onyo zito: walaji wa mimea pekee walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi kuliko walaji nyama, na hatari yao ya kuvunjika nyonga ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Trowell huyohuyo aliyestaajabia mioyo yenye afya ya Waganda alikuwa pia mmoja wa walioandika kitabu kikubwa juu ya utapiamlo wa kwashakoo, mwaka 1954. Watoto aliowaona Mulago wakiwa wamevimba miguu na nywele kugeuka rangi walikuwa wamelishwa mimea, lakini ilikuwa mimea ya wanga karibu mitupu: matoke, muhogo, viazi. Hata nafaka haitoshi peke yake: ina upungufu wa kijenzi fulani cha protini ambacho kunde na maharage vinacho kwa wingi, na kunde nazo hupungukiwa na kile ambacho nafaka inacho. Makande, wali kwa maharage, ugali wa dona kwa mbaazi za nazi, kisamvu chenye karanga: wapishi wa Afrika Mashariki walikamilisha hesabu hiyo zamani za kale.

Liko pengo moja tu ambalo hakuna mpishi anayeweza kuliziba kwa mimea, nalo ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria peke yao, na binadamu huipata kupitia nyama, samaki, mayai au maziwa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo. Anayeacha vyakula vya wanyama leo atajisikia vizuri mwaka huu na ujao, atawaambia marafiki kwamba hahitaji vidonge, kisha ganzi itaanza kwenye vidole vya miguu, kumbukumbu itapungua, damu itapungua. Mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu huenda isirudi tena kama ilivyokuwa. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na akiba hiyo anaweza kudumaa ubongo. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, ambao hujinyima vyakula vya wanyama kwa siku takriban 180 au zaidi kila mwaka na kuishi kwa mkate wa injera, dengu na mchuzi wa shiro, huwa na siku nyingine za kurudisha akiba. Asiye na siku hizo hana budi kumeza kidonge au kutumia chakula kilichoongezwa B12, maisha yake yote.

Mengine yanahitaji maarifa ya jikoni. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na dona hushikwa na kemikali za nafaka, lakini kuchachusha uji na kuloweka kunde huyaachia, na kukamulia limau mboga husaidia mwili kuyafyonza. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo isubiri saa moja. Aliyeacha dagaa na maziwa atafute kalsiamu kwenye ulezi, ufuta na sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu nyingi, ila sehemu kubwa imefungwa na mwili hauipati. Madini joto yatoke kwenye chumvi iliyoongezwa madini hayo.

Na wanaohubiri dona na karanga wasiache kutaja sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu 20 wakafariki Dodoma na Manyara. Kuvu huyo haonekani daima kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi sumu yake. Mahindi na karanga zikaushwe sawasawa, zihifadhiwe pasipo unyevu, na zilizooza au kusinyaa zitupwe, asipewe hata kuku.

Kwa ushahidi uliopo, faida kubwa iko kwenye sahani iliyojaa mimea isiyokobolewa wala kusindikwa sana. Kuondoa kipande cha mwisho cha samaki ni uamuzi wa mtu binafsi, wa imani au wa huruma kwa wanyama, na unastahili heshima, lakini unakuja na wajibu wa kumeza B12. Wale vijana wa Kilimanjaro hawakuwa walaji wa mimea pekee, na bado damu yao ilionyesha nguvu ya sahani hiyo.

Anayetaka kuanza aanze wiki hii kwa kubadilisha sembe iwe dona safi na soda iwe maji, na kwa kuweka kunde kwenye kila mlo mkuu. Anayetumia dawa za kisukari au za presha amwone daktari kwanza, kwa sababu sukari na presha vinaweza kushuka haraka na dozi ya zamani ikawa kubwa mno. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kabla ya kuongeza ndizi na maharage, maana potasiamu iliyomo inaweza kumdhuru. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiache maziwa, mayai na samaki kabla vidonge vya B12 havijafika nyumbani.