Gari la Polisi Lililostaafu: Maili Chache, Saa Nyingi

Katika nchi ya Marekani idara za polisi hazisubiri magari yao yafie barabarani. Gari likishatumika miaka michache huondolewa kazini, hufutwa nembo, hung'olewa taa za juu, kisha hupelekwa mnadani pamoja na madawati ya zamani, mashine za kukatia majani na vyombo vinginevyo vya serikali. Raia yeyote aweza kulinunua. Kwa miaka mingi gari lililojaa katika minada hiyo lilikuwa Ford Crown Victoria, motokaa kubwa ya milango minne yenye injini ya silinda nane na ujazo wa lita 4.6. La mwisho liliundwa mwaka 2011 katika kiwanda cha St. Thomas, nchini Kanada. Gari ambalo polisi walilinunua jipya kwa zaidi ya dola 20,000 liliweza kuuzwa baadaye kwa sehemu ya kumi ya bei hiyo, na pengine kwa pungufu zaidi.

Wanunuzi walikuwa wenye teksi, mafundi na, aghalabu, vijana wasio na fedha nyingi. Kijana huyo alikuwa amekwisha kusikia, au amekwisha kuona katika filamu ya mwaka 1980 iitwayo The Blues Brothers, kwamba gari la polisi lina nguvu na uimara usiopatikana katika gari la kawaida. Habari hiyo ina ukweli wake. Gari la polisi la aina hii lilitoka kiwandani likiwa na springi na shokapu ngumu zaidi, chombo cha kupozea oili ya injini, na alteneta kubwa ya kulisha taa, redio na kompyuta. Bodi yake ilifungwa juu ya chasisi ya chuma kama ya lori, jambo ambalo magari madogo mengi yalikuwa yamekwisha kuliacha. Basi kwa nini liuzwe kwa bei ya baiskeli nzuri? Na hasa, kwa nini lile lenye maili chache kwenye dashibodi lisiwe ndilo bora?

Jibu limo katika namna polisi wanavyoitumia injini. Askari wa doria mjini huegesha gari kando ya njia na kuacha injini ikiunguruma: anaandika taarifa, anasubiri wito, anamkagua dereva aliyemsimamisha. Wakati wa baridi kali huiacha ikiunguruma ili apate joto. Wakati wa kiangazi, ili apate kiyoyozi. Wala hawezi kuizima ovyo, kwa kuwa taa na redio zingemaliza betri. Katika muda wote huo magurudumu hayazunguki hata mara moja, na kwa hiyo mita ya maili haisogei. Injini inafanya kazi na mita inalala.

Sisi tuliokulia karibu na mashamba hatuna haja ya kushangaa. Hakuna mtu anayeuliza trekta limekwenda maili ngapi. Huulizwa limefanya kazi saa ngapi, na ndiyo maana trekta huwa na kihesabu saa. Jenereta ni vivyo hivyo, kwani haiendi popote, lakini huzeeka. Gari la polisi wa mjini ni nusu motokaa na nusu jenereta, na kosa la mnunuzi ni kulipima lote kwa kipimo cha motokaa.

Kampuni ya Ford yenyewe ililitambua jambo hili. Katika maelekezo yake kwa wenye magari ya polisi ilitoa kanuni kwamba saa moja ya injini kuunguruma papo hapo ihesabiwe sawa na mwendo wa maili 33 hivi, yaani kilomita 53. Magari ya miaka ya mwisho yaliwekwa kihesabu saa ndani ya dashibodi, hata mnunuzi aliweza kujisomea mwenyewe.

Mwalimu wa hesabu au fizikia aweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuichunguza kanuni hiyo. Tairi za magari ya mwisho zilikuwa na mzingo wa mita 2.17. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kila gurudumu huzunguka mara 768 kwa dakika. Difu ya kawaida ya gari hili ilikuwa na uwiano wa 3.27, na gia ya nne uwiano wa 0.70. Tukizidisha, tunapata injini inayozunguka karibu mara 1,760 kwa dakika, au mara 1,056 kwa kila kilomita. Sasa tuseme injini hiyo ikiunguruma papo hapo huzunguka mara 650 kwa dakika. Kwa saa moja itakuwa imezunguka mara 39,000, ambayo ni mizunguko ya kilomita 37 tu za barabara kuu. Kwa nini basi Ford waseme 53?

Mwanafunzi mwepesi atajibu kwamba kampuni imetia chumvi. La, haikutia. Kanuni yao inahesabu muda, haihesabu mizunguko. Gari la kawaida, ukichanganya mjini na nje ya mji, huenda kwa wastani wa maili thelathini na kitu kwa saa. Kwa hiyo saa moja ya injini, iwe gari limesimama au linakwenda, huhesabiwa kuwa saa moja ya uzee. Sababu ya kuhesabu hivyo iko ndani ya oili.

Mhimili mkuu wa injini, yaani krankishafti, haugusani na beringi zake inapokuwa kazini. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo huumbwa na mzunguko wenyewe: mhimili ukizunguka upesi, huivuta oili kwa nguvu chini yake na utando hunenepa, ukizunguka polepole, utando hukonda. Tena pampu ya oili huzungushwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo mwendo ukipungua msukumo nao hupungua. Ni kweli kwamba injini inayounguruma bure haina mzigo mkubwa, na wale wanaodai kuwa kuunguruma huiua injini haraka kuliko kukimbia wanapita kiasi. Lakini oili haipumziki. Inapikwa, inachafuliwa, na hakuna kinachohesabu.

Uchafu wenyewe ni wa namna gani? Wizara ya Nishati ya Marekani ilichapisha vipimo vinavyoonyesha kuwa gari kubwa lenye injini ya lita 4.6, likiunguruma bila mzigo, hula karibu lita moja na nusu ya petroli kwa saa. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, lakini kwa hesabu ya darasani tuichukulie kuwa oktani:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Kutokana na mlinganyo huu kila kilo moja ya oktani ikiungua hutoa kilo 1.42 za maji. Lita moja na nusu ya petroli ina uzito wa kilo 1.1 hivi, basi saa moja ya kuunguruma huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Karibu yote hutoka nje kwa bomba la moshi. Sehemu ndogo, pamoja na petroli isiyoungua na masizi, hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka katika oili. Injini ikiwa moto sawasawa, maji hayo huvukiza tena. Ikiwa katika baridi ya theluji na safari fupi fupi, hubaki, na kufanya tope na asidi. Idara iliyobadilisha oili kwa kufuata saa iliondoa uchafu huo kabla haujaleta madhara. Iliyofuata maili peke yake iliuacha.

Halafu kuna joto. Gari linalokwenda hupata upepo wa bure kupitia rejeta. Lililosimama hutegemea feni, na joto linalobaki chini ya boneti huoka mipira ya maji, nyaya na kila kilicho cha plastiki. Katika magari ya 1996 hadi 2001 kilichoumia zaidi kilikuwa manifoldi ya kuingizia hewa, ambayo Ford waliiunda kwa plastiki huku ikipitisha ndani yake maji ya moto ya kupozea injini. Ilipasuka katika magari mengi, hata shauri likafika mahakamani, na baadaye sehemu ya mbele inayopitisha maji ikaundwa kwa aluminiamu.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari katika eneo la kati la Marekani, mwanafunzi mwenzangu kutoka Afrika Mashariki alikuwa ameweka akiba kwa kuosha vyombo mkahawani majira yote ya baridi. Mnadani alikuta magari mawili ya mwaka mmoja, ya bei karibu sawa. La kwanza lilikuwa la askari wa barabara kuu, nalo lilikwisha kwenda zaidi ya maili 130,000. La pili lilikuwa la doria ya mji mdogo, lenye maili 80,000. Akachukua la pili, kama ambavyo karibu kila mtu angefanya. Februari iliyofuata manifoldi ilipasuka njiani, maji yakamwagika, na gharama ya fundi ikafika karibu nusu ya bei aliyonunulia. Muhula huo alikwenda chuoni kwa miguu, katika theluji, na ada aliilipa kwa mkopo wa marafiki.

Sisemi kwamba la kwanza lisingeharibika. Lakini tuangalie hesabu ya magari mawili ya mfano huo yaliyo na vihesabu saa. Moja limekwenda kilomita 220,000 kwa saa 4,000. Wastani wake ni kilomita 55 kwa saa. Hilo ni gari lililokuwa safarini. Jingine limekwenda kilomita 130,000 kwa saa 8,000. Wastani ni kilomita 16 tu kwa saa. Hilo lilishinda limeegeshwa, na kwa kanuni ya Ford injini yake ina umri wa kilomita 424,000. Kugawanya namba mbili zilizo kwenye dashibodi ni kazi ya nusu dakika, nayo humfaa mnunuzi kuliko rangi inayong'aa.

Gari la barabara kuu lina mashaka yake upande mwingine, yaani breki. Gari hili lina uzito wa kilo 1,900 hivi. Kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kugeuza kilojuli 470 za nishati ya mwendo kuwa joto; kutoka kilomita 160 kwa saa ni mara nne yake, karibu megajuli 1.9, kiasi cha kutosha kuzichemsha lita tano na nusu za maji ya kawaida. Joto hilo lote huingia katika diski nne za chuma. Mnunuzi afanye hesabu ya kuzibadilisha kabla hajalipa.

Mengine nitayapitia upesi. Paa hutobolewa matundu ya taa na antena, na yasipozibwa vema mvua huingia. Nyaya za redio hukatwa kwa koleo na watu wenye haraka, na hitilafu za umeme zinazotokana na hayo ni ngumu kuzitafuta. Milango ya nyuma pengine haifunguki kutoka ndani. Tangi la petroli liko nyuma ya ekseli. Baada ya ajali za kugongwa kwa nyuma kwa kasi kubwa ambazo ziliwaka moto, Ford walitoa ngao za kuzuia tangi lisitobolewe, na mnunuzi achungulie aone kama zimefungwa. Mjini gari hula zaidi ya lita 14 za petroli kwa kila kilomita 100, na hakuna bei ya mnada inayoweza kulifuta jambo hilo. Pale ambapo kihesabu saa hakipo, iulizwe karatasi ya matengenezo ya idara, na oili kidogo ipelekwe maabara ipimwe chembe za chuma na shaba, maana hizo hutoka katika silinda na beringi.

Crown Victoria zilizosalia sasa ni za zaidi ya muongo mmoja, na nafasi yake imechukuliwa kwa sehemu kubwa na magari marefu ya juu. Toleo la polisi la Ford Explorer la mwaka 2020 limeundwa pia kwa mfumo wa injini na mota ya umeme pamoja. Askari akiegesha, injini hujizima. Betri ya lithiamu hulisha taa, redio na kompyuta, nayo injini huwaka kwa muda mfupi betri inapohitaji kujazwa. Katika gari la namna hii saa za kuegesha haziandikwi tena katika oili, ila katika seli za betri, na kanuni ya kilomita 53 haitamsaidia atakayelinunua mnadani. Atahitaji kipimo cha uwezo wa betri uliobaki.