Injini ya Trekta Kuukuu: Tuitengeneze au Tuibadilishe?

Ndugu Wanachama,

Trekta la shamba likianza kutoa moshi na kushindwa kupanda mlima na tela la magunia, aghlabu watu hugawika makundi mawili. Wengine husema, "Limezeeka, liuzwe." Wengine husema, "Litiwe ringi mpya, liende." Kauli zote mbili zaweza kuleta khasara, maana hapana aliyepima kitu. Na karafuu hazingoji: mbichi zikikaa rundo huvunda kabla ya kufika jamvini. Basi yafaa tujue namna ya kuamua mapema, kabla ya msimu.

Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Trekta hili aghlabu huwa na injini ya dizeli ya Perkins, yenye silinda tatu.

Kwanza, moshi ni dalili tu, si hukumu. Moshi mweusi mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli mbovu, na hayo hayahitaji kufungua injini. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji. Injini izimwe hapo hapo.

Pili, fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Ikiwa ndogo, atie oili kidogo sana ndani ya silinda apime tena. Ikipanda, ringi na silinda zimelika. Isipopanda, ubovu yamkini uko kwenye valvu au gasketi ya juu, na hiyo ni kazi nafuu zaidi.

Tatu, ikibidi kufunguliwa, kila kitu kipimwe kabla ya kununua kipuri hata kimoja. Injini hii iliundwa ili iweze kutengenezwa. Slivu za silinda hutolewa zikatiwa nyingine. Krankshafti iliyolika hukerezwa, kisha hutiwa beringi nene zaidi. Vipimo vyake ni elfu 10, 20 na 30 za inchi. Ikishapita 30, hapana budi kutafuta nyingine. Lakini kutia ringi mpya ndani ya slivu iliyolika ni kutupa fedha, maana oili itaanza kuungua tena baada ya muda mfupi.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua: bloku na krankshafti. Vyote viwili vikiwa vizima, kutengeneza ndiko kwenye faida. Kimoja kikiwa kimeharibika, tulinganishe bei. Bloku ikiwa imepasuka na krankshafti nayo imekwisha, heri injini nyingine.

Ama kubadilisha nako kuna mtego wake. Trekta la namna hii halina chasisi kama lori. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, na nyuma yake limefungwa boksi la klachi na gia. Injini ya lori, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kupachikwa hivi hivi. Inatakiwa ya aina ile ile. Na injini iliyokwisha tumika, hata ikipakwa rangi ikang'ara, ndani yake hapajulikani. Nayo ipimwe kompresheni kabla ya kulipwa. Na kwa kuwa kuibadilisha ni lazima trekta litenganishwe kati, klachi itazamwe siku hiyo hiyo, ili kazi isirudiwe.

Mwisho, tutazame na viungo vingine: giaboksi, haidroliki na ekseli ya nyuma. Injini njema juu ya giaboksi iliyokufa ni kama paa jipya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa.

Basi fundi akileta shauri, tumtake aandike vipimo vyake, na kando yake bei tatu: ya kutengeneza yote, ya injini nyingine, na ya trekta jingine. Karatasi hiyo isomwe mkutanoni mbele ya wanachama. Fedha ni zetu sote, na anayeona tarakimu kwa macho yake hana haja ya kuamua kwa umri wa trekta wala kwa sauti ya msemaji.

Wassalaam,
Katibu wa Chama