"Shimo Jeusi" Si Shimo Tupu

Desemba moja tulikuwa Nakivale, wilayani Isingiro, kwa semina ya walimu wa Kiswahili. Umeme ulipokatika tulitoka nje. Upande wa kusini, chini karibu na upeo wa macho, yalionekana mabaka mawili ya nuru hafifu. Mwalimu mmoja mwenyeji wa Kivu akauliza, "Ile ni mawingu?"

Jina lao ni hilo, Mawingu ya Magellan, lakini ni galaksi mbili, majirani wa galaksi yetu, Njia Nyeupe. Kubwa iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, ndogo, 200,000. Zinavutana, na kati yake limetandazika daraja la gesi iliyonyofolewa.

Darasani tumezoea kusema galaksi "zinagongana". Kitenzi hiki kinapotosha: mwanafunzi wa Mbarara atawaza mabasi mawili barabarani. Nyota ziko mbalimbali mno, hivyo hupishana bila kugusana. Kinachovurugika ni gesi. Ikipunguziwa mwendo wake wa kuzunguka, huporomokea kitovuni.

Huko kitovuni, katika galaksi nyingi kubwa, ndiko kuliko na shimo jeusi. Neno "shimo" nalo lina hila yake, ndugu msomaji, kwani si uwazi bali ni maada nyingi iliyoshindiliwa mahali padogo hata nuru haiponyoki. La Njia Nyeupe, ambalo picha yake ilitolewa Mei 2022, lina uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Kwa sasa limetulia. Shimo likipata gesi nyingi, gesi hiyo hulizunguka, hujisugua, hupata joto kali na huweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Kwa hiyo mwanga hutoka nje ya shimo, si ndani.

Katika NGC 6240, ambamo galaksi mbili zinaungana, darubini ya Chandra ilibaini mashimo mawili ya namna hiyo mwaka 2002. Hata hivyo tusifundishe kwamba kila shimo la aina hii huamshwa na jirani. Mengi yamo katika galaksi zisizo na dalili ya kuvurugwa, na wanaastronomia bado wanabishana.

Sisi tulipendekeza "shimo jeusi amilifu". Mwalimu yule akatikisa kichwa: wanafunzi wake wangeelewa "shimo linalokula". Kesho yake tuliyaandika yote mawili ubaoni.