Somo la Leo: Safari katika Nchi ya Jangwa

Leo tunakwenda jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya. Kwetu Bukoba hunyesha mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na migomba hustawi. Kule Chalbi mvua haifiki milimita 250.

Ukifika huko, fanya mambo matatu, nawe hutaisahau safari hiyo.

Kwanza, simama katikati ya jangwa utazame chini. Udongo umepasuka, una chumvi nyeupe. Zamani za kale hapo palikuwa ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutanda tena kwa muda mfupi.

Pili, nenda Kalacha, penye chemchemi na mikoche. Wagabra hunywesha ngamia wao hapo. Waamkie kwanza, kisha ungoje zamu yako. Usioge wala usifue nguo penye maji hayo, maana ndiyo uhai wa watu na mifugo.

Tatu, fika Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ambako Waelmolo huvua samaki. Onja tone la maji ya ziwa: yana magadi. Mito huingia humo, lakini hakuna mto unaotoka. Jua hukausha maji, magadi hubaki.

Lakini usiende bila mwenyeji, tena chukua maji mengi ya kunywa. Anayepotea jangwani huuawa na kiu upesi.

Swali la kujadiliana darasani: Kwa nini Ziwa Victoria halina magadi kama Turkana? Ukumbuke Mto Nile.

Kwaherini.