Mshale Uliolala

Upepo wa mwera ukivuma katika Ziwa Nyasa, maji huchafuka toka Lituhi hata Mbamba Bay, na chombo kilichopatikana na shida hutaka kusikiwa upesi. Kwa hiyo simu ya upepo, yaani redio ya kusema na kujibiwa, haina budi kuwa nzima.

Baadhi ya redio za namna hiyo zina kipimo chenye mshale. Sauti ya mwenzio ikifika na nguvu, mshale hupanda. Ikifika dhaifu, hulala. Pengine mshale hulala tu, hauinuki. Mwenye pupa hufungua redio papo hapo, akaharibu hata kilichokuwa kizima.

Fundi husikiliza kwanza. Sauti ikisikika vema kama siku zote, ubovu u katika kipimo au nyaya zake, na redio hiyo yafaa bado kuitia msaada. Lakini sauti ikiwa imefifia pia, mshale wasema kweli. Hapo hutazama eriali na waya wake, hasa panapoungwa, maana maji hupenya hapo na shaba hufanya kutu ya kijani.

Na mshale uliosimama juu daima? Redio huzimwa. Usiposhuka, umekwama.

Tena iko milima. Mawimbi ya redio ndogo za mkononi huenda karibu sawasawa kama mwanga, wala hayapenyi mlima. Mtu wa Mbinga, huko juu, akimwita mvuvi aliye ufukoni, mshale waweza kulala, na redio zote mbili ni nzima.