Mbung'o wa Nachingwea na Ng'ombe Wetu wa Gari

Ng'ombe wa gari akianza kuzorota katikati ya msimu wa karafuu, wengi wetu hukimbilia fimbo, kisha sindano. Twaomba tuanze na kumtazama.

Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, ni nchi yenye miombo, na miombo ni maskani ya mbung'o. Ndiyo sababu tangu zamani watu wa huko walilima bila kufuga ng'ombe wengi. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji kutoka Usangu na Ihefu, na wengi wakaelekezwa mkoa huo pamoja na makundi yao. Mbung'o huleta nagana: homa ya kuja na kuondoka, machozi, manyoya kusimama, kisha ng'ombe hukonda hata akiwa na malisho tele.

Mbung'o hamtafuti ng'ombe ovyo. Hufuata harufu ya pumzi na kitu kinachokwenda. Rangi ya buluu humvuta, nyeusi humfanya atue, na mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Katika kundi huwapenda wakubwa kuliko ndama, ambao pumzi yao ni ndogo na mateke yao mengi. Tena huuma zaidi miguuni na tumboni. Basi dawa ikipakwa hapo, kwa wale wakubwa, gharama hupungua sana. (Kupe ni shauri jingine.)

Ng'ombe naye huficha ugonjwa, maana porini mnyama dhaifu ndiye huliwa kwanza. Mchungaji humjua siku anapobaki nyuma ya wenziwe, anapoacha kucheua. Na wakati wa sindano asitengwe. Awe na mwenziwe karibu, aendewe kwa upande wa bega, si kwa nyuma asikoona.

Hapa Unguja mbung'o alimalizwa kwa tabia yake mwenyewe. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Tangu 1994 madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege, na mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Bara hakuna bahari ya kumzuia asirudi.

Hata hivyo homa nyingine zingalipo kwetu. Mwenye ng'ombe aliyeacha kucheua amfungue nira leo hii, ndipo amwite bwana mifugo.