Jukwaa la Nani?

Siku hizi Bob Vylan wakitangaza onyesho, watu huuliza kwanza kama litafanyika kabla ya kuuliza bei ya tiketi. Ni wanamuziki wawili wa Uingereza: Bobby anaimba, Bobbie anapiga dramu. Muziki wao ni rapu iliyochanganywa na panki, ule muziki wa magitaa makali ambao tangu miaka ya 1970 umekuwa kimbilio la vijana wa huko wanaotaka kuwasema wakubwa bila kupepesa macho. Tarehe 28 Juni 2025, kwenye tamasha la Glastonbury, Bobby aliuongoza umati kuitikia maneno ya kulitakia kifo jeshi la Israel. BBC ilikuwa inarusha onyesho hilo moja kwa moja.

Yaliyofuata yanafaa kutazamwa kwa utaratibu. Marekani ilifuta viza zao. Wakala aliyekuwa akiwatafutia kazi aliwaacha. Waandaaji kadhaa wa matamasha Ulaya waliondoa jina lao kwenye ratiba. BBC iliomba radhi. Polisi wa Avon na Somerset walifungua uchunguzi, na Desemba mwaka huohuo wakatangaza kwamba hawatafungua mashtaka. Kwa hiyo waliokuwa na kazi ya kutafuta kosa la jinai walimaliza mikono mitupu, ilhali wenye viza, wenye kumbi, wenye mitambo na wenye mikataba walikuwa wameshatoa hukumu zao miezi mingi kabla.

Msomaji aliyeko Bariadi anaweza kusema hayo ni ya Wazungu, yaishie hukohuko. Mimi naona yanamhusu, kwa sababu Simiyu ina uzoefu mrefu kuliko Glastonbury wa kuwakutanisha watu uwanjani ili wasikie maneno makali. Kinachotofautiana ni nani anayeumiliki uwanja, na nadhani hapo ndipo penye jibu la swali linalorudi kila msanii anapokamatwa: kwa nini wimbo huu umepita, na ule umefungiwa?

Tuanze na ngoma za hapahapa. Mavuno yakishaingia ndani na pamba ikianza kuleta hela, Usukuma wote, kuanzia Magu mpaka Meatu, huingia msimu wa mashindano ambao hufika kilele karibu na Sabasaba. Pande ni mbili, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi, na wafuasi wao wakaurithi ubishi huo. Hadi leo mcheza ngoma huulizwa ni wa upande gani.

Namna ya kushindana ndiyo yenye somo. Makundi mawili hujipanga kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na huanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji huwa katikati, huru kwenda watakako. Manju wa upande mmoja akitoa wimbo wenye kuchoma, umati unamiminika kwake. Mwenzake akimtoa nyoka au akigeuza mapigo, watu wanakimbilia kule. Jioni inapoingia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna meza ya majaji wala kadi za alama. Ndiyo maana dawa ya mvuto, samba, imepewa uzito kiasi hicho katika ngoma hizi: kinachogombaniwa ni miguu ya watu. Kuna pia wigashe, ambayo huchezwa kwa kukaa, na humo maneno hubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko viuno.

Katika mazingira hayo matusi yana leseni yake. Mpinzani hutajwa kwa jina, ubahili wake, ndoa yake, ng'ombe wake waliokonda. Anayetukanwa hakimbilii kwa mtendaji wa kata, anatunga jibu. Na akichelewa kujibu, uwanja unamhukumu kwa kumpa kisogo, adhabu ambayo kwa manju ni nzito kuliko faini.

Mtu asidhani kwamba maneno hayo yalibaki kwenye ugomvi wa majirani. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta na kupunguza mifugo, na kutotii kulikuwa kosa. Mwaka 1954 TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, marufuku iliyodumu mpaka 1958. Chama kikishanyimwa mikutano, nyimbo za kazini hupata kazi ya pili. Mtafiti Frank Gunderson amekusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, na anayekisoma ataona jinsi nyimbo za jembe zilivyobeba kodi, bei ya pamba, uhuru na wakubwa wa baada ya uhuru.

Uhuru ulipokuja, dola nayo ikataka wimbo. Elias Songoyi aliandika tasnifu yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988 kuhusu waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Tabora, na mahusiano yao na dola. Mwinamila aliitumikia itikadi ya chama kwa moyo. Kalikali alikuwa mkosoaji. Nimekuwa nikifikiri kwamba uchambuzi wote wa rapu ya siasa nchini mwetu ungeweza kuanzia hapo, kabla hata ya kinasa sauti cha kwanza cha Bongo Fleva. Maana swali la Songoyi ni lilelile: msanii anapata wapi uwanja wa kusimama, na aliyempa anataka nini?

Sasa tuje kwa wanarapu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo "Wapo". Kesho yake aliachiwa. Waziri Harrison Mwakyembe alieleza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo na anashauri uongezwe majina ya makundi mengine ya waovu. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki na shaka, na ninayo hadi leo: wimbo unaohalalishwa kwa sababu mkubwa ameupenda unaweza kuharamishwa siku atakayoamka vibaya. Siku chache baadaye mwanarapu Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kwenye studio za Tongwe jijini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku tatu. Mwaka 2024 Nay huyohuyo alishtakiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa wimbo "Nitasema" uliogusa habari za watu kutekwa. Safari hii haikutoka sauti ya juu kusema wimbo umependeza.

Roma na Stamina waliunda kundi la watu wawili, Rostam, na kama kuna wa kulinganishwa na Bob Vylan kwa Kiswahili basi ni hao: wawili, wanapokezana mistari, wanawasema wakubwa kwa mzaha unaouma. Lakini Roma alipofungiwa miezi sita mwezi Machi 2018, sababu iliyotolewa ilikuwa maadili ya wimbo "Kibamia". Maadili ni kapu pana. Siasa ikiwa kosa, mwanasheria atauliza kifungu. Maadili yakiwa kosa, kila mzee anatikisa kichwa na mjadala unaishia hapo.

Wenzetu wa Kenya wana kisa kinachotazama upande wa pili. GidiGidi MajiMaji, nao wawili, walitoa "Unbwogable" mwaka 2002 kama wimbo wa kujipa moyo, wakitumia Kijaluo na Kiingereza cha mtaani. Muungano wa NARC uliuchukua ukawa wimbo wa kampeni, na Desemba mwaka huo Mwai Kibaki akaingia Ikulu.  Wimbo ulihamishwa uwanja, na maana yake ikapanuka hadi ikaenea nchi nzima.

Bariadi inaujua mchezo huo. Ni mji wa John Cheyo, Bwana Mapesa, aliyegombea urais mwaka 1995 kwa tiketi ya UDP na kuonyesha kwamba neno moja lenye mvuto linaweza kukusanya watu kuliko ilani ya kurasa mia. Kila kampeni waimbaji wa Kisukuma hutafutwa, kwa sababu mgombea anajua watu watakuja kwa ajili ya ngoma hata kama hawana haja na hotuba. Ni kazi halali na inalisha familia. Ila baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wasanii wengi wakubwa nchini waligundua kwamba umati una kumbukumbu: mashabiki waliwageuka wale waliopanda majukwaa ya kampeni, wakaacha kuwafuata mitandaoni na kususia kazi zao. Ukiitazama kwa jicho la Kisukuma, watu walihama upande wa uwanja.

Basi chukulia promota wa Bariadi anataka kuleta wanarapu wawili wa siasa, wa ndani au wa nje. Atahitaji kibali cha BASATA, ambayo imeundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Atapita kwa afisa utamaduni. Atatoa taarifa polisi. Atatafuta uwanja, na viwanja vingi vya mikoani ni vya halmashauri au vya chama tawala. Atahitaji mdhamini, ambaye mara nyingi ni kampuni ya simu au ya bia, na kampuni hizo hazipendi ugomvi na mamlaka. Redio itabidi ikubali kutangaza. Ni watu sita au saba, na yeyote kati yao anaweza kusema hapana bila kuandika sababu. Hata bila marufuku yoyote rasmi, onyesho hufa kwa simu ambazo hazikupokelewa.

Linganisha na mwimbaji kama Bhudagala, au na vijana wasio na jina wanaoimba kwa Kisukuma vijijini Itilima na Maswa. Leseni za utangazaji hudai Kiswahili au Kiingereza, hivyo nyimbo zao husafiri kwa simu na kwa flashi zinazojazwa kwenye vibanda vya stendi, kwa hela ndogo tu. Njia hiyo haina mlinzi mmoja anayeweza kuifunga. Ni kweli ina kasoro zake, maana msanii haambulii kitu cha maana, na uchochezi wa chuki unaweza kupita humohumo kirahisi kama ukosoaji wa haki. Sisemi kila neno lipewe ruhusa. Kumtakia mtu kifo mbele ya maelfu ni jambo ambalo jamii yoyote ina haki ya kulijadili, na Waingereza wanalijadili hadi sasa.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. BASATA na halmashauri za Simiyu zikikataa onyesho, ziandike barua inayotaja kifungu na mstari uliokosewa, kabla ya tiketi kuuzwa, na promota apewe muda wa kukata rufaa. Na wewe promota, usikubali kukataliwa kwa simu. Dai barua yenye muhuri, kisha uibandike getini watu waisome.